Sikohoi wala sina homa, mbona natema mate kwa chupa?

SWALI: Habari ya kazi daktari. Nafanya kwa nyumba ya kutunza wazee huku Kasarani, sasa wametuambia kila Jumatatu na Alhamisi tuteme mate kwa kachupa yapimwe Korona. Mimi niko fiti, chakula nasikia harufu yake vizuri. Mate yataonyesha nini kwa mtu mzima hivi, na si ile ya kudungwa pua ndiyo ya ukweli? – Mama wa Umoja

JIBU: Mama, shida ya hiki kirusi ni kwamba kinaanza kutoka kwa mtu siku moja ama mbili kabla hajaskia chochote, na kuna wengine hawaskii kitu mpaka kinaisha, na wewe hapo katikati unamlisha mzee uji umemuinamia kabisa. Ndiyo maana wanakupima ukiwa mzima.

Mate si ya mchezo. Kirusi kinazaliana hata kwa tezi zenyewe za mate. Agosti 2020 Marekani waliruhusu kipimo cha mate cha Chuo Kikuu cha Yale, na Chuo Kikuu cha Illinois walikuwa wanapima wanafunzi hivyo hivyo mara mbili kwa wiki, mate yanachemshwa kwanza nyuzi 95 kwa nusu saa ndiyo yanaingia kwa mashine. Ni kweli pua wakati mwingine hushika kirusi kidogo ambacho mate yamekosa, lakini mate yakikukosa Jumatatu, ya Alhamisi yanakushika, nguvu iko kwa hiyo kurudia.

Sasa kutema. Nusu saa kabla usile, usinywe chai, usipige mswaki. Usikohoe makohozi, wacha mate yajikusanye chini ya ulimi halafu uyaachilie yateremke pole pole mpaka kwa laini ya chupa. Povu haihesabiwi.

Lakini waulize majibu yanarudi lini, kwa sababu yakikaa siku nne umeshazunguka vyumba vyote na hicho kipimo hakijasaidia mzee yeyote. Ukianza kuwashwa koo usingoje Alhamisi, baki nyumbani upimwe. Na hii waulizeni mkiwa wote: mtu akipatikana nayo, siku za kukaa nyumbani analipwa? Maana kama anakatwa, kuna mwenye ataficha, na simlaumu, ana kodi ya nyumba na watoto.