Sitisha, ghairi au katisha?

Msomaji wa Sakina, Arusha, ananiandikia: "Shikamoo Mwalimu. Ofisini tunachakata takwimu za mvua kwenye kompyuta za kukodi, kwa AWS Batch, ile huduma ya Amazon inayopanga kazi foleni na kuziendesha. Hatubonyezi vitufe, tunaandika amri kwenye lile dirisha jeusi. Katika mwongozo wetu wa Kiswahili, amri ya 'cancel-job' tumeiita 'sitisha kazi', na 'terminate-job' nayo 'sitisha kazi'. Kijana mgeni kauliza ipi ni ipi, tukabaki tunatazamana. Na hiyo 'batch' tuiteje?"

Marahaba. Huyo kijana mpandisheni cheo.

Sitisha limenikaa kooni siku nyingi, na leo mmenipa sababu ya kulitema. Linatokana na kusita. Anayesita kasimama, hajarudi nyumbani; ukimsitisha, umemsimamisha tu, safari yake bado ipo. Ndiyo maana tunasema kusitisha mapigano: bunduki zimenyamaza, lakini bado zinaning'inia begani. Siku hizi neno hili limekuwa chumvi, linatiwa kila chungu. Kocha kafukuzwa, mabegi yake yako uwanja wa ndege, tunaambiwa mkataba "umesitishwa". Duka limefungwa, ndani kishaingia kinyozi, mlangoni bado kuna karatasi: "huduma zimesitishwa". Mtu anaandikiwa barua kwamba ajira yake imesitishwa, naye maskini kila Jumatatu anapiga pasi shati akingoja aitwe.

Mimi mwenyewe limenitia hasara. Nilikuwa stendi ya Moshi, naenda Arusha kwenye mazishi. Dirishani pa kukatia tiketi pamebandikwa: "Safari ya saa nne imesitishwa." Nikajua Kiswahili changu, nikanunua karanga, nikakaa. Saa tano. Saa sita. Saa saba na nusu nikamfuata kijana wa tiketi.

"Mzee, hiyo gari haiendi tena leo."

"Si mmeandika imesitishwa?"

"Ndiyo mzee. Imesitishwa."

Alinitazama kama mtu aliyeishiwa akili. Nilifika Arusha watu wanakunja maturubai.

Sasa njooni Pasua, hapo Moshi, kwenye mashine ya kusaga, siku ya Jumamosi. Ndoo na madebe yamepangwa foleni. Mama akibadili nia, anajitwika ndoo yake na kuondoka, hadaiwi hata shilingi. Huyo kaghairi. Lakini mahindi yakishamiminwa kwenye mdomo wa mashine na mkanda unazunguka, hakuna tena kughairi. Akipiga kelele "zima!", atazimiwa, atakabidhiwa unga nusu na chenga nusu, na hela atalipa. Huyo kakatisha. Ama umeme ukikatika, akina mama wanakaa barazani, wanasukana, wanamsema mwenye mashine. Umeme ukirudi, mahindi yaleyale yanaendelea kusagwa pale yalipoishia. Hapo ndipo kusaga kulikuwa kumesitishwa. Naona fundi wa Pasua angewaandikia mwongozo mzuri kuliko ofisi yenu yote.

Maana hivyo vyombo vyenu vinafanya kazi vivyo hivyo. 'Cancel-job' inaondoa kazi ambayo bado iko foleni. Ikishafikia hatua ya kuanza, au ikiwa tayari inakwenda, amri hiyo haiigusi. Kijana wenu akisoma "sitisha", akaiandika, akafunga kompyuta na kwenda zake kula nyama choma, kazi itazunguka usiku kucha na ankara itazunguka nayo. Iandikeni "ghairi kazi". Wenye simu za Kiswahili wanalijua neno hilo, wanalibonyeza kila siku.

'Terminate-job' ndiyo inayozima mashine mahindi yakiwa ndani. Hiyo ni "katisha kazi", kama mtu anavyokatisha masomo. Ukiangalia orodha baadaye, chombo chenyewe kinakuandikia FAILED, yaani imeshindwa. Hakisemi imepumzika wala inangoja. Ukiitaka tena unaituma upya, na muda wa kompyuta uliokwisha kuliwa ni wenu kulipia. (Ikikuta kazi bado iko foleni, amri hii huighairi tu, kwa hiyo asiye na hakika na atumie hiyo.)

Najua kuna atakayeniambia lugha inakua, na kamusi zinafuata watu. Sawa, ikue. Lakini mti unaokua huongeza tawi. Hapa tulikuwa na maneno matatu, tumekata mawili, tunashangilia kisiki.

Mkilionea huruma sitisha, mahali pake papo kwenye dirisha lenu hilohilo jeusi. Kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux, programu ikiwa inaendelea hapo mbele yako, bonyeza Ctrl na Z kwa pamoja: inasimama. Andika 'fg': inaendelea ilipoishia. Hapo andikeni "sitisha" kwa wino mwekundu, sitasema neno.

Nilitaka kusahau 'batch'. Ni mkupuo: kazi nyingi zinakusanywa na kutumwa kwa mkupuo, bila mtu kukaa akizijibu mojamoja. Semeni "kazi za mkupuo". Vijana watasema "bechi" hata mkiwakataza, na mimi sina ugomvi na bechi. Kila anayelitamka anajua anachotaka kusema, na hajamkalisha mtu stendi saa tatu na nusu.