Fizio mpya, kabla hujagusa goti lililopandikizwa seli soma hii

Habari zenu wadogo zangu. Naona vijana wengi mliosoma fizio KCMC pale Moshi na huko Kenya sa hivi mko Uingereza, na swali mnaloniuliza inbox ni lilelile: nimepangiwa mgonjwa kapandikizwa seli za gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) kwenye goti, naanzia wapi? Mi mwenyewe chuoni sikufundishwa hii kitu, nimekutana nayo hukuhuku.

Anzia kwenye ripoti ya oparesheni. Tafuta mstari unaosema kidonda cha gegedu kilikuwa sehemu gani ya goti. Mi wiki ya pili kazini sikuisoma, nikampa dada mmoja zoezi la kukaa kwenye kiti na kunyoosha goti huku kifundo kimefungwa uzito, najua naimarisha misuli ya paja, kumbe seli zake zimewekwa nyuma ya pia ya goti na zoezi lile ndo linaikandamiza hiyo pia ya goti kwenye mfupa wa paja! Kesho yake goti limejaa kama boga. Bosi hakunifokea, alifungua tu ile ripoti kwenye kompyuta akaniambia soma kwa sauti. Bora angenifokea.

Yani sehemu ndo kila kitu, na hili linajulikana tangu mwanzo. Hii oparesheni walianza Waswidi wa Göteborg mwaka 1987, ripoti yao ikatoka 1994 ikiwa na wagonjwa 23. Waliowekewa kwenye mfupa wa paja walikuwa 16 na 14 kati yao wakapata matokeo mazuri, ila wa pia ya goti walikuwa 7 na waliofanikiwa ni 2 tu. Tangu hapo mambo yamebadilika sana, zamani walikuwa wanashona kiraka cha utando wa mfupa uliobanduliwa kwenye muundi halafu wanaingiza seli chini yake kwa sindano, siku hizi kuna njia ambayo seli zikishaoteshwa maabara wiki kadhaa zinakuja zimepandwa tayari kwenye utando wa kolajeni (aina ya protini), daktari anaukata saizi ya kidonda anabandika kwa gundi. Lakini pia ya goti bado ni mtihani.

Kwa hiyo wa mfupa wa paja anatembea na magongo, anakanyaga kidogo kidogo, uzito wote mara nyingi ni kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8. Wa pia ya goti anaweza kukanyaga mapema kama bresi, kile kifaa cha kushikilia goti, imefungwa mguu umenyooka, shida yake inakuja akikunja goti lenye mzigo, ngazi na kuchuchumaa vile. Ila fuata karatasi ya daktari aliyepasua, kila mmoja ana utaratibu wake.

Sasa miezi ya mwanzo ya maumivu haitakusumbua, mgonjwa anajilinda mwenyewe. Kazi iko mwezi wa tatu kwenda wa sita. Gegedu halina mishipa ya damu ndo maana haliponi lenyewe, na halina mishipa ya fahamu pia, kwa hiyo mtu anaweza kuliharibu wala asisikie. Wiki za mwanzo lile pandikizi ni kama uji unaoanza kuganda, mwezi wa nne labda ugali laini, kukomaa kunapita mwaka. Nina kijana mmoja mwezi wa nne akaniambia kaka mi nimepona kabisa, wikiendi akaenda kucheza mpira na wenzake watano watano, Jumatatu karudi na magongo aliyokuwa ameshayasahau. Siku hizi nawaambia tarehe za kurudi uwanjani mapema kabisa na ninawaandikia kwenye simu zao.

Halafu ndugu wa nyumbani watakupigia, mama magoti yanamuuma, hizo seli bei gani. Mama ana goti lililosagika lote, hii ni ya kidonda kimoja kwenye goti ambalo bado zima, hata mwongozo wa 2017 wa NICE, wanaoamua NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) igharamie matibabu gani, unataka kidonda kizidi sentimita 2 za mraba na goti lisiwe limesagika sana. Na wale wa sindano za stem seli (seli shina) mjini ni biashara nyingine kabisa, seli tunazoongelea hapa ni za gegedu lake mwenyewe mgonjwa. Mama mwambie afanye mazoezi ya paja na apunguze uzito kama upo, akishindwa kabisa kutembea ndo muongelee goti la bandia.

Yule kijana yuko mwezi wa kumi na nne, Alhamisi tunampima kuruka kwa mguu mmoja.