Bango langu la muvi lina mikunjo, nilipige pasi?

SWALI: Nina bango la muvi ya Marekani ya 1977, limekunjwakunjwa. Mtandaoni bango la muvi hiyohiyo mmoja anauza dola 40, mwingine dola 2,000, sielewi. Fundi mmoja kaniambia nilipige pasi halafu nilitie laminesheni ndo litapanda bei. Ni kweli?

JIBU: Hapana ndugu yangu, na hiyo pasi iweke mbali kabla hujaendelea kusoma.

Hizo bei mbili kwanza. Dola 2,000 ni bei anayoitaka muuzaji, wewe tafuta bango kama hilo limeuzwa kwa ngapi kwenye minada, hiyo ndo bei. Na la dola 40 karibu hakika ni kopi. Angalia chini kulia: mengi ya wakati ule yana namba inayoanza na mwaka, 77 halafu mkwaju (/), ukikuta herufi R kabla ya hiyo 77 ujue lilichapwa muvi iliporudishwa kumbini baadaye, na bei inashuka. Lipime pia, orijino ni kama inchi 27 kwa 41, kopi nyingi ni 24 kwa 36. Uzee peke yake haupandishi bei. Bango la muvi ya Dracula ya 1931 lililofika dola 525,800 mnadani mwaka 2017 lilifika huko kwa sababu mabango yenye mchoro ule yanayojulikana kubaki ni mawili tu.

Sasa mikunjo, maana hapa ndo watu wanaumizwa kila siku. Mikunjo sio uharibifu! Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80 mabango ya kumbi za sinema kule yalikunjwa yakiwa mapya kabisa, mkunjo mmoja wa wima na mitatu ya mlalo, vipande 8, yakatumwa kumbini hivyohivyo. Yaliyosafirishwa yamevingirishwa yalikuwepo ila machache, kwa hiyo la 1977 lenye mikunjo ndo la kawaida. Pitisha kidole taratibu juu ya mkunjo: kwenye orijino unausikia, wino umechanika kidogo na weupe wa karatasi umetokeza. Wenye kopi wanaskani bango la zamani na mikunjo yake wanaichapa humohumo, unauona mstari lakini kidole kinateleza tu. Nililetewa moja la hivyo na mama aliyelipa bei ya orijino, alipopitisha kidole mwenyewe akanyamaza muda mrefu.

Hao mafundi wa laminesheni wananikera kuliko hata wauza kopi, kwa sababu kopi ni hasara ya pesa, ila wao wanaua kitu halisi ambacho hakitachapwa tena. Plastiki ikishayeyukia kwenye karatasi kwa moto haitoki, ukiivuta inaondoka na wino, na mkusanyaji makini hata hakupi ofa. Pasi nayo inakausha karatasi ambayo tayari ni ya bei rahisi na imezeeka, mkunjo unageuka mpasuko. Gundi ya kupuliza, selotepu nyuma ya mpasuko, kukata kingo ili liingie kwenye fremu, yote ni ukatili uleule.

Kama mikunjo inakusumbua kweli, kuna kazi halali ya kulibandika bango juu ya karatasi ya Kijapani na kitambaa, kwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo fundi mwingine anaweza kuja kuilainisha kwa maji akaitoa. Yeyote atakayetaka kuligusa muulize gundi gani anatumia na inatokaje. Akianza kukwambia haitoki, ni imara, chukua bango lako uondoke.