Matabaka ya lami: yameambatana, yameshikana au yameshikamana?

Swali: Ninafasiri mwongozo wa ujenzi wa barabara. Panapoelezwa jinsi tabaka la juu la lami linavyoungana na la chini, niliandika "yameambatana". Mwenzangu akasahihisha kuwa "yameshikana", na mhandisi anataka "yamegandana". Lipi sahihi?

Jibu: Mimi ningeandika "yameshikamana". "Kushikana" ni kauli ya kutendana, nayo hutaja tendo linaloweza kukoma papo hapo, kama watu wanaposhikana mikono kisha wakaachana. Kiambishi -am-, ambacho kimo pia katika "fungamana", huongeza maana ya kutulia na kudumu katika hali fulani, na hiyo ndiyo hali ambayo mjenzi anaitafuta: matabaka mawili yapinde kwa pamoja chini ya gurudumu kana kwamba ni kitu kimoja.

"Kuambatana" ningeliepuka kabisa hapa. Siku hizi barua huambatana na vielelezo, lakini ukiinua barua, vielelezo hubaki mezani. Na tabaka lililolala tu juu ya jingine bila kushikamana nalo huteleza magari yanapofunga breki, likapasuka kwa nyufa zenye umbo la mwezi mwandamo. Hali hiyo ya kuachana ina neno lake zuri la Kiswahili, "kubanduka", na sioni haja ya kukopa jingine.

Mhandisi naye hakukosea sana, ila kinachoganda ni lami nyepesi iliyochanganywa na maji, ile inayonyunyiziwa juu ya tabaka la chini lililokwisha kufagiliwa vumbi. Maji yanapoiacha, rangi yake hugeuka kutoka kahawia kuwa nyeusi, ndipo tabaka la juu humwagwa. Kwa hiyo andika kwamba lami hiyo huganda na matabaka hushikamana, ili msomaji ajue kipi kinafanya nini.

Limebaki jina, na hapa uwe mwangalifu zaidi. "Mshikamano" ni sahihi kisarufi, lakini "mshikamano wa matabaka" pekee humpeleka msomaji kwenye siasa, kwa sababu maneno yote mawili yamezoeleka katika kuzungumzia jamii. Usiache kutaja lami: "mshikamano wa matabaka ya lami"; na sentensi ikiruhusu, tumia kitenzi, "jinsi matabaka ya lami yanavyoshikamana", ambacho kwangu ni bora zaidi.