Ubora wa kituo cha vijana wenye ulemavu wa ukuaji hupimwaje?

SWALI: Mwanangu ana umri wa miaka 19, ana usonji na hazungumzi. Kila siku huenda katika kituo cha mchana hapa Malindi. Wazazi wametuteua watu watatu tuipime huduma ya kituo hicho kabla mfadhili hajatia sahihi mkataba mwingine. Uongozi umetuonyesha jengo, vyeti vilivyotundikwa ukutani na orodha ya wafanyakazi 14 kwa vijana 30. Tutazame nini zaidi? (Mama wa kijana, Shella, Malindi)

JIBU: Mama, anzeni na hiyo orodha. Mkiwaondoa karani, mpishi, bawabu na dereva, kisha mkawaondoa walio likizoni na wasio zamu siku hiyo, huenda wakabaki wahudumu sita, yaani mmoja kwa kila vijana watano, na miongoni mwa hao watano pengine yumo mwenye kifafa na mwingine asiyeweza kujilisha. Kwa hiyo wahesabuni waliopo chumbani saa mliyoingia, na mwingie bila kutoa taarifa, hasa mchana baada ya chakula au Ijumaa wakati wa sala, kwani asubuhi ya wageni kila kituo hupendeza.

Kisha ulizeni ni wangapi walioacha kazi mwaka uliopita. Gawanyeni idadi yao kwa wastani wa wahudumu wa mwaka huo, mzidishe kwa 100: kituo cha wahudumu 10 kilichoondokewa na 6 kimepoteza asilimia 60. Nchini Marekani, mpango uitwao National Core Indicators, ulioanza mwaka 1997, hukusanya takwimu za aina hii pamoja na muda ambao wahudumu wamedumu kazini na nafasi zilizo wazi. Kwa maoni yangu hesabu hii ina uzito kuliko vyeti vyote vya ukutani. Kijana asiyezungumza hujulikana na aliyeishi naye: mhudumu wa miaka mitatu hutambua kwamba akijipiga shavu jino linamuuma, ilhali mgeni wa wiki mbili huona ukaidi, na ukaidi huadhibiwa. Watafuteni walioondoka muwaulize sababu. Mara nyingi ni mshahara unaochelewa, kuachwa peke yako na kundi zima, au kutofundishwa kazi.

Someni pia daftari la matukio. Daftari lisilo na tukio hata moja kwa mwaka mzima litutie wasiwasi kuliko lililojaa, kwa maana vijana 30 hawakosi kuanguka, kugombana wala kuugua.

Vijana wenyewe wasiachwe nje ya tathmini. Asiyesema aonyeshwe picha za watu na shughuli za kituo, apewe muda, na anayemsaidia asiwe mfanyakazi wa hapo. Tazameni kama wahudumu huzungumza naye au humzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo; kama huchagua mwenyewe chakula na shughuli; kama hutoka kwenda sokoni, msikitini au ufuoni, au hushinda mbele ya televisheni.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutoitwa kwa maneno ya kumdhalilisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unadai katika kifungu cha 16 kwamba vituo na programu za namna hii zikaguliwe na mamlaka zilizo huru. Kamati ya wazazi si mamlaka hiyo, na mna haki ya kumwandikia mfadhili kudai ukaguzi huo. Ongezeni pia mtu mzima mwenye ulemavu katika kamati yenu.

Ripoti isitaje majina ya vijana. Uongozi na mfadhili wapewe ripoti hiyo siku ile ile, na ombi la kwanza ndani yake liwe mishahara ya wahudumu ilipwe kwa wakati.