Kiazi cha Dalia Kinakaguliwa Shingoni

Jumapili msomaji mmoja wa Kibondo alinitumia picha: viazi kumi vya maua ya dalia, vinono, vimepangwa kwenye ungo. "Dada, ona ukubwa wake! Nipande lini?" Moyo ulinishtuka. Mwaka jana nilipiga picha kama hiyohiyo.

Nilikuwa nimepania kupamba harusi za hapa Kasulu kwa maua halisi kutoka shambani kwangu. Nikaagiza viazi 20 kwa muuzaji wa mbali, shilingi 3,000 kila kimoja, vikaja na basi. Mvua za Novemba zilipoanza nikafukia. Vikachipua vitatu. Nilipofukua vingine nilivikuta vigumu, vizima, bila chipukizi hata moja. Muuzaji akasema udongo wangu mbaya. Maneno hayo yananiuma mpaka leo, maana udongo huohuo unanipa maharage, na vile vitatu vilichanua vizuri sana. Dalia asili yake ni milima ya Meksiko. Ubaridi wetu inaupenda.

Kumbe nilikuwa nawaza kiazi mviringo, chenye macho ya kuchipulia mwili mzima. Dalia siyo hivyo. Tumbo lake ni ghala la chakula tu. Jicho linakaa juu, pale shingo inaposhikana na shina la zamani. Kiazi kilichokatwa bila kipande cha shina hilo hakioti hata ukimwagilia maziwa.

Kwa hiyo tafuta kijinundu pale shingoni, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Kisha tikisa taratibu: shingo ikicheza kama jino la mtoto, imevunjika ndani. Kinachobonyea au kunuka, tupa. Kilichonyauka kidogo lakini kigumu, kihifadhi. Kati ya vile vitatu vyangu, kilichozaa zaidi kilikuwa chembamba kama kidole. Jicho lisipoonekana, kilaze kwenye maranda yenye unyevu kidogo, mahali penye joto, wiki mbili tatu, ukikichungulia.

Ndugu zangu, tuache kununua kwa tamaa ya ukubwa. Omba picha ya shingo kabla hujatuma hela. Anayejua anachouza atakupigia picha hiyo.

Mdogo wangu wa Kibondo, kwenye ungo wako naona shina kwa viazi vinne tu. Anza na hivyo, na usivimwagilie sana kabla havijachomoza, vitaoza. Kuhusu vile sita, mwandikie muuzaji leo, kabla hajaanza habari za udongo wako.