Mutombo hapimwi kwa pointi

Ndugu, unauliza senta (yule mrefu anayecheza karibu na kikapu) mwenye wastani wa pointi zisizofika 10 kwa mechi aliingiaje kwenye Jumba la Heshima la kikapu. Kwa Dikembe Mutombo unaangalia safu ya takwimu isiyo yake. Kazi yake ilikuwa kulinda kikapu: mitupo 3,289 aliyoizuia ni ya pili katika historia ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, nyuma ya Hakeem Olajuwon tu. Na hiyo haihesabu wale waliofika karibu, wakamwona, wakarudisha mpira nje wenyewe.

Tafuta mechi ya tano ya Denver, timu yake, na Seattle, mtoano wa 1994, anayeshinda tatu kati ya tano anasonga mbele. Kwenye msimamo wa kanda yao Denver walishika nafasi ya nane, Seattle ya kwanza, na Denver walishapoteza mbili za mwanzo. Wakashinda tatu mfululizo. Kipenga cha mwisho kinalia, jitu lile la Kinshasa liko chali sakafuni, limeushika mpira kwa mikono miwili, linacheka kama mtoto. Hapo alikuwa na misimu mitatu tu NBA!

Akacheza misimu 18, akawa mlinzi bora wa mwaka mara nne. Ubingwa hakuupata, 2001 alifika fainali na Philadelphia, Lakers wakawafunga 4-1. Kile kidole cha "hapana" alichomtikisia mpinzani baada ya kumzuia kilimletea faulo za kiufundi, yaani adhabu za utovu wa nidhamu, basi akawa anawatikisia mashabiki badala ya mpinzani. Mjanja yule.

Alistaafu 2009, Jumba la Heshima likamwita 2015.